Kharms si Fumbo: Dhidi ya Uhakiki wa Ufunguo Mmoja

Utangulizi

Miongoni mwa visa vya mwandishi wa Kirusi Daniil Kharms kuna kimoja ambacho hakijazi hata ukurasa. Kikongwe anachungulia dirishani kwa udadisi uliopita kiasi, anaanguka na kupasukapasuka. Wa pili anachungulia kumtazama wa kwanza, naye anaanguka. Wanafuata wa tatu, wa nne na wa tano. Baada ya wa sita, msimulizi anachoka kuwatazama, anajiendea katika soko la Maltsev, kwa kuwa amesikia kwamba huko kipofu mmoja amepewa shali ya kufumwa. Kisa kinaishia hapo.

Wasomaji wa kisa hiki wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hucheka na kufunga kitabu. Kundi la pili halicheki. Huuliza vikongwe hao wanamwakilisha nani, kisha hujijibu: wanawakilisha raia waliokuwa wakitoweka mmoja mmoja katika Urusi ya Stalin, dirisha ni dola, na shali ni zawadi ndogondogo ambazo dola huwapa wasioona. Jibu hilo likishapatikana, kazi ya uhakiki huhesabiwa kuwa imekwisha.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kundi la pili, ambalo ndilo lenye heshima katika vyuo na majarida, limepotoka zaidi kuliko la kwanza. Aliyecheka angalau amesoma kisa. Aliyefumbua amesoma kalenda ya mwaka kilipoandikwa. Ubaya wa usomaji huo hauko katika kuingiza siasa ndani ya fasihi, kwani siasa imo tele katika Kharms. Ubaya wake ni kwamba unampa msomaji njia ya kutokea pale hasa ambapo mwandishi alikuwa amekwisha kuifunga milango yote.

Mwandishi na sanduku lake

Daniil Ivanovich Yuvachev, aliyejichagulia jina la Kharms tangu ujana, alizaliwa St Petersburg mwaka 1905. Baba yake, Ivan Yuvachev, alifungwa na serikali ya mfalme wa Urusi kwa kushiriki katika njama za wanamapinduzi, akapelekwa kwenye kazi ngumu katika kisiwa cha Sakhalin. Mwana alikuja kufungwa na serikali iliyotokana na mapinduzi. Katika ukoo huo, gereza lilibadilisha wenyewe tu.

Kharms, pamoja na Aleksandr Vvedensky, Nikolai Zabolotsky na wenzao, aliasisi kundi lililojulikana kama OBERIU. Tarehe 24 Januari 1928 kundi hilo lilifanya onyesho lake kubwa jijini Leningrad, ambapo tamthilia ya Kharms, Elizaveta Bam, iliigizwa. Ufupisho wa OBERIU una maana ya Umoja wa Sanaa Halisi. Neno hilo "halisi" halikuwekwa kwa mzaha. Vijana ambao baadaye waliitwa wapuuzi walidai kwamba wao ndio waliokusudia kukiona kitu chenyewe, kabla ya mazoea ya lugha kukifunika. Mhakiki anayeanza kwa kudhani kwamba Kharms aliukimbia uhalisi ameanza kwa kumkanusha Kharms mwenyewe.

Aprili 1930, baada ya onyesho lao katika bweni la wanafunzi, gazeti la vijana la Smena liliwashambulia na kuihesabu sanaa yao kuwa ya adui wa kitabaka. Desemba 1931 Kharms alikamatwa, na mwaka 1932 alihamishiwa kwa nguvu katika mji wa Kursk, alikokaa kwa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi. Chakula chake kilitokana na kalamu ya watoto, hususan katika majarida ya Yozh na Chizh. Mwaka 1937 shairi lake la watoto, linalohusu mtu aliyetoka nyumbani, akaingia msituni na asionekane tena, lilichapishwa katika Chizh. Tokea hapo alinyimwa kazi kwa takriban mwaka mzima, akaonja njaa pamoja na mkewe, Marina Malich. Kuhusu mashairi yake ya watu wazima, yaliyochapishwa angali hai ni mawili tu, moja mwaka 1926 na jingine 1927.

Tarehe 23 Agosti 1941 alikamatwa kwa mara ya mwisho. Alitangazwa kuwa mgonjwa wa akili, akafungiwa katika wodi ya gereza, akafia humo tarehe 2 Februari 1942, Leningrad ikiwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani na maelfu ya wakazi wake wakiangamia kwa njaa. Maandishi yake yaliokolewa na rafiki yake, mwanafalsafa Yakov Druskin, aliyeyatoa katika nyumba iliyokuwa imeharibiwa na mabomu, akayatia katika sanduku la safari na kuyahifadhi kwa miaka mingi. Ilikuwa miaka ya 1960 alipowaruhusu watafiti vijana kuyashika. Mwaka 1971 George Gibian alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya baadhi yake huko Marekani, na ni katika miaka ya mwisho ya Muungano wa Kisovieti, hasa kuanzia 1988, ambapo Warusi walianza kuyasoma kwa wingi katika vitabu vyao wenyewe.

Maelezo haya ya maisha yametolewa kwa sababu moja. Kitabu chake muhimu kuliko vyote, Sluchai, yaani Matukio, chenye vipande 30 alivyovitunga kati ya 1933 na 1939, kiliandikwa kwa mkono daftarini na kutabarukiwa Malich. Hakikupelekwa kwa mchapishaji yeyote. Jambo hili dogo la kihistoria ndilo linalobomoa jengo zima la wafumbuaji.

Fumbo huhitaji masikio

Wasomi wa Kiswahili wanalijua fumbo kuliko wengi. Muyaka bin Haji alipojibizana na wapinzani wake Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, kila fumbo lake lilikuwa na pande tatu: anayelifumba, anayelengwa, na umma unaosikiliza na kutingisha kichwa. Ukiondoa upande mmoja, fumbo halipo tena. Fumbo ni mazungumzo ya hadhara. Hufumbwa ili anayestahili kuelewa aelewe, na anayeweza kuadhibu akose pa kushika.

Katika Kenya ya baada ya uhuru, ustadi huo ulikuwa na kazi ya dharura. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982, muda mfupi baada ya kuandika Kilio cha Haki (1981). Katama Mkangi, ambaye pia alionja kizuizi, alikipa kitabu chake cha 1995 jina la Walenisi, ambalo msomaji mwepesi hulikata mara moja na kusoma "wale ni sisi". Hapana shaka kwamba kizazi cha wahakiki kilichokulia katika mazingira hayo kilijifunza kutafuta kilichofichwa, na kilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Waandishi waliyaficha mambo wakitarajia yatafutwe.

Tatizo huanza ustadi unapogeuka kuwa mazoea. Kharms wa Matukio hakuwa na umma, hakuwa na mhariri, na hakuwa na mdhibiti wa kumhadaa. Alimfichia nani? Mtu anayeandika kwa ajili ya saraka ya meza yake na masikio ya marafiki wachache wanaokutana chumbani hahitaji kumvika Stalin gauni la kikongwe. Tena, hatari haikupunguzwa na vazi hilo. Kupatikana na daftari la namna ile kulitosha kuwa kosa, liwe limefumbwa au limefumbuliwa.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika kazi zake mwenyewe. Mwaka 1940 Kharms aliandika kisa kiitwacho Pomekha, yaani Kizuizi. Mwanamume na mwanamke wako chumbani wakitongozana kwa mazungumzo ya kitoto kuhusu soksi. Mlango unabishwa. Anaingia mtu mwenye koti jeusi, pamoja na askari wenye bunduki na mtunza nyumba. Wawili hao wanaamriwa kuvaa, wanakatazwa kuzungumza, wanachukuliwa, na mlango unapigwa lakiri. Hapa hakuna kikongwe wala dirisha. Kukamatwa kumeitwa kukamatwa. Mwandishi aliyetaka kusema kwamba watu wanachukuliwa usiku alisema kwamba watu wanachukuliwa. Kwa hivyo mhakiki anayedai kwamba vikongwe nao ni watu waliochukuliwa usiku hana budi kueleza kwa nini mwandishi yuleyule ajifiche katika daftari moja na kujianika katika jingine, ilhali yote mawili yalilala katika chumba kimoja.

Mfano wa pili ni kisa kinachofungua Matukio. Panatajwa mtu mwenye nywele nyekundu ambaye hakuwa na macho wala masikio. Kisha inaelezwa kwamba nywele hakuwa nazo, na kwamba wekundu wake ni wa jina tu. Anavuliwa mdomo, pua, mikono, miguu, tumbo na mgongo, hata isijulikane ni nani anayezungumziwa, na msimulizi anaamua kwamba ni heri kunyamaza. Kwa kuwa kiliandikwa mwaka 1937, wafumbuaji hukishangilia: huyu ndiye raia aliyefutwa! Lakini pembeni mwa maandishi hayo Kharms aliandika maneno machache yenye maana kwamba kisa hicho kinampinga Kant. Alikuwa akifikiri kuhusu kitu na sifa zake, na kuhusu lugha inayoweza kuendelea kusema hata pasipo na cha kusemwa. Kumnyang'anya swali hilo la kifalsafa na kumpa badala yake taarifa ya polisi ni kumdhania kwamba mtu anayeonewa hana haki ya kuwaza jambo jingine lolote isipokuwa uonevu wake.

Kiambishi -ka- na lawama ya usimulizi

Ikiwa vikongwe si fumbo, ni nini basi? Ni vikongwe, nao wanaanguka. Swali lenye manufaa si nani anayeanguka. Ni nani anayesimulia, na anasimulia vipi.

Kiswahili kina nyenzo ya kulijibu swali hili kwa wepesi kuliko lugha nyingi. Atakayejaribu kukisimulia kisa hiki kwa Kiswahili atajikuta, bila kupanga, mikononi mwa kiambishi -ka-: akachungulia, akaanguka, akavunjika, akatokea mwingine, akachungulia. Kiambishi hiki ndicho uti wa mgongo wa ngano. Hupanga matendo kama shanga uzini, kila moja likifuata jingine, na hakidai sababu. Katika ngano hakuna ubaya, kwa kuwa uzi una fundo mwishoni: jitu linauawa, sungura anaponyoka, fundisho linatolewa. Kharms anachukua uzi huohuo, anaondoa fundo, na shanga zinaendelea kudondoka sakafuni moja baada ya nyingine.

Hali hii inajitokeza waziwazi katika kipande kinachobeba jina la mkusanyiko wenyewe, ambacho ni cha mwaka 1936. Orlov anakula njegere za kuponda kupita kiasi, anakufa. Krylov anapata habari, anakufa naye. Spiridonov anakufa bila kusaidiwa na sababu. Mkewe anaanguka kutoka juu ya kabati, anakufa. Watoto wao wanazama bwawani. Bibi anaingia katika ulevi na kutangatanga barabarani. Mwingine anaacha kuchana nywele, anapata upele. Kifo cha familia nzima na kichwa kisichochanwa vinapewa urefu uleule wa sentensi na sauti ileile. Hapo ndipo kicheko kinapozuka, na hapo ndipo lawama ilipo. Katika usimulizi wa aina hii hakuna kinachozidi kingine uzito. Sintaksia imekuwa mzani uliovunjika.

Zingatia pia namna visa hivi vinavyofungwa. Katika kimoja, Tikakeev anagombana na Koratygin aliyemngojea kwa muda mrefu, anachomoa tango kubwa kapuni, anampiga nalo kichwani, na Koratygin anafariki. Msimulizi hana neno la rambirambi. Anachokiona cha kustaajabisha ni ukubwa wa matango yanayouzwa madukani siku hizi, na hilo ndilo lililokipa kisa jina lake. Tango la kisa hiki na shali ya kisa cha vikongwe vinafanya kazi moja. Ni pale jicho la msimulizi linapohama. Maiti iko chini, na jicho limekwenda sokoni.

Msomaji naye yuko wapi? Yuko pamoja na msimulizi. Kikongwe wa kwanza alimshtua, wa pili akamchekesha, na kufikia wa nne alikuwa anahesabu. Kama msomaji mkweli akijichunguza atakiri kwamba wa sita alimchosha kidogo, na kwamba habari ya shali ilimpa nafuu. Hakuna dikteta aliyemlazimisha kuona hivyo. Amefikishwa huko na sentensi chache za kawaida.

Hii ndiyo sababu ufunguo wa Stalin ni wa starehe. Unampeleka mkosaji Kremlin na kumwachia msomaji kiti cha hakimu. Stalin alifariki mwaka 1953. Msimulizi wa Kharms hakufa naye. Yumo katika kila usimulizi wa misiba uliozoea kuhesabu, ambamo idadi hutajwa na jicho likakimbilia habari inayofuata. Visa hivi havisemi kwamba watawala wabaya huua. Hilo lilijulikana kabla ya Kharms. Vinaonyesha jinsi sikio linavyozoezwa, neno kwa neno, kulivumilia hilo.

Hoja za upande wa pili

Ingekuwa dhuluma kudai kwamba wafumbuaji hawana lolote mkononi. Wana visa viwili vyenye nguvu. Katika Ndoto, Kalugin anaota askari na vichaka mara kadhaa, anaamka siku ya tano akiwa amekonda hata muuza mikate asimtambue, kisha tume ya usafi inayokagua nyumba inamwona kuwa mchafu na asiyefaa kitu, inaagiza atupwe pamoja na takataka. Anakunjwa mara mbili na kutupwa. Katika kisa cha hukumu ya umati, Petrov anayehutubia akiwa juu ya farasi anaandika jambo daftarini, umati unahamaki, na kwa kuwa Petrov hapatikani, watu wanamshika mwanamume mwingine wa kimo cha wastani aliyekuwa karibu, wanamng'oa kichwa, kisha wanatawanyika wakiwa wametosheka.

Je, si dola hii? Si umati wa miaka ile? Bila shaka. Rafiki yake na mwandishi mwenzake wa watoto, Nikolai Oleinikov, alipigwa risasi Novemba 1937, na Vvedensky alifia safarini akiwa mfungwa mnamo Desemba 1941. Hakuna anayeweza kuvisoma visa hivi kana kwamba viliandikwa katika bustani tulivu. Lakini tazama: visa hivyo navyo havina kilichofichwa. Ofisi yenye mamlaka ya kumwandika mtu kuwa "hafai" imetajwa kuwa ofisi yenye mamlaka hayo. Umati unaotaka kichwa, na usiojali ni cha nani, umetajwa hivyo hivyo. Mfumbuaji anabisha hodi katika nyumba ambayo mlango wake uko wazi, kisha anajisifu kwa kuufungua.

Hoja nyingine ni ya ubinadamu. Baadhi ya wasomaji huona kwamba Kharms ni katili tu, na kwamba vikongwe na watoto wanaoumizwa katika kurasa zake ni ishara ya chuki. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya ufunguo, na haifai kujibiwa kwa haraka. Si kila kipande cha Kharms kinafaulu. Kuna vingine ambavyo ngumi ni ngumi na kicheko ni kicheko cha mpigaji. Hata hivyo, katika vilivyo bora ukatili haustareheshi. Seremala Kushakov anatoka kununua gundi, anateleza, anapasuka kipaji, ananunua plasta katika duka la dawa. Anateleza tena na tena, na kila mara anarudi dukani, akikataa ushauri wa kununua plasta kadhaa kwa mpigo kwa sababu ana hakika kwamba hataanguka tena. Anapofika nyumbani uso wote umebandikwa, na watu wake hawamtambui wala hawamfungulii. Msomaji aliyecheka hadi mlangoni hubaki nje pamoja na seremala. Anayemchukia mhusika hamtungii imani ya namna hiyo.

Hapa pia ndipo Kharms anapotengana na vichekesho vilivyozoeleka pwani ya Afrika Mashariki. Katika visa vya Abunuwasi kicheko kina upande: mjanja anamshinda tajiri, na msikilizaji anarudi kwake akiwa mshindi. Kharms hana Abunuwasi. Hakuna mjanja, hakuna ushindi, na anayecheka hapewi upande wa kusimama.

Kuhusu lakabu ya ubwege

Kuna njia ya tatu ya kumkwepa Kharms, nayo ni kumpa lakabu. Uhakiki wa Kiswahili umelitumia neno "ubwege" kwa ile fasihi ambayo Martin Esslin aliijadili katika kitabu chake cha 1961 kuhusu tamthilia za Beckett, Ionesco na wenzao, na Gibian naye alimtambulisha Kharms kwa jina la namna hiyo. Lakabu si dhambi. Lakini huleta makosa mawili.

La kwanza ni la nasaba. Elizaveta Bam ilichezwa 1928. Ionesco alianza kuigizwa Paris mwaka 1950, na Godot wa Beckett mwaka 1953. Kumsoma Kharms kama tawi la Paris ni kumfanya babu kuwa mjukuu. La pili ni la itikadi. Ubwege, kama ulivyofafanuliwa baada ya Camus, husimama juu ya ulimwengu usiojibu. Novela ya Kharms ya 1939, Bikizee, haisimami hapo. Bikizee mwenye saa isiyo na mishale anaingia katika chumba cha mwandishi na kufia humo. Mwandishi anamtia maiti sandukuni na kupanda treni, sanduku linaibwa, na mwishowe mtu huyo aliyechanganyikiwa anapiga magoti msituni, mbele ya kiwavi, na kusali. Yawezekana kubishana kama sala hiyo inasikika. Haiwezekani kudai kwamba haimo.

Kuna hata neno baya kuliko ubwege, nalo ni wazimu. Mwaka 1939 Kharms alipata cheti cha ugonjwa wa akili kilichomwepusha na jeshi, na wengi waliochunguza maisha yake wanaona kwamba aliigiza. Mwaka 1941 cheti kiligeuka kufuli. Mhakiki anayeeleza visa hivi kwa afya ya akili ya mtunzi anakamilisha kazi iliyoanzwa na wakuu wa gereza.

Hitimisho

Suala hili halihusu Urusi peke yake. Kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii imefundishwa kwa muda mrefu katika idara za Kiswahili, na imezaa swali la mtihani lisilochoka: mhusika fulani anawakilisha nini? Euphrase Kezilahabi alipochapisha Nagona (1990) na Mzingile (1991), na Said Ahmed Mohamed alipotoa Amezidi (1995), swali hilo liliwangoja mlangoni. Yapo majibu yake ya halali katika kazi hizo. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kuandika kwamba pango ni bara na mzee ni historia huweka kalamu chini, na hachunguzi tena jinsi sentensi zilivyomtembeza gizani. Amefaulu mtihani na kukikosa kitabu.

Kharms anafaa kusomwa katika idara hizo kwa sababu anaukataa ufunguo huo waziwazi zaidi kuliko mwandishi yeyote wa hadithi fupi wa karne ya 20. Anamlazimisha mhakiki kuanza na sauti: ni nani anayesimulia, anakipa kila kifo maneno mangapi, na jicho lake linahama lini. Maswali haya hayako mbali na siasa. Ndiyo yanayoingia katika siasa kwa mlango ambao ufunguo haujui kuufungua.

Vikongwe warudi basi dirishani. Imesemwa mara nyingi kwamba sita walianguka. Kisa hakisemi hivyo. Kinasema kwamba baada ya wa sita msimulizi alichoka kutazama. Hakuna neno lolote linaloarifu kwamba dirisha lilifungwa. Kama alikuwapo wa saba, na wa nane, walianguka wakati msimulizi na msomaji wake wakiwa njiani kwenda sokoni kuiona shali.